Wastani usitangulie mchoro

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Sisi ni walimu wa somo la takwimu la mwanzo hapa Tanga, na tulilo nalo ni hili: mwanafunzi akipewa rundo la namba, mkono wake hukimbilia kujumlisha na kugawanya. Wastani ukipatikana, anafunga daftari. Namba zenyewe hajazitazama. Maofisini ni vivyo hivyo, na magazetini pia, lako likiwamo mara mojamoja. Tunadai mambo yageuzwe: namba zipangwe, zichorwe, zitazamwe, halafu ndipo wastani uitwe, kama bado utahitajika.

Tutumie mfano, maana bila namba mkononi mazungumzo haya huwa ya hewani. Namba zifuatazo tumezitunga kwa ajili ya zoezi tu, asije mtu akazichukua kuwa ripoti ya soko. Tuseme vyombo 20 vimeshusha samaki asubuhi moja kwenye ufukwe wa Deep Sea hapa Tanga, na karani ameandika kilo za kila chombo kwa jinsi vilivyofika: 12, 31, 7, 18, 4, 14, 24, 9, 154, 16, 11, 38, 6, 21, 13, 8, 17, 26, 12, 19.

Jumla ni kilo 460, na 460 kwa 20 ni 23. Ripoti itaandikwa: "Kwa wastani kila chombo kilileta kilo 23." Hesabu haina kosa, ila picha inayobaki kichwani mwa msomaji ni potofu. Vyombo vilivyopita kilo 23 ni vitano tu. Vilivyobaki, 15 kati ya 20, viko chini ya huo unaoitwa wastani. Mvuvi akiisoma ripoti hiyo atauliza ni ufukwe gani unaozungumzwa.

Sasa tuzipange kwa mchoro wa shina na majani, ambao pamoja na mchoro wa sanduku ulienezwa na Mmarekani John Tukey katika miaka ya 1970. Hauhitaji kompyuta wala rula. Makumi ni shina, mamoja ni jani:

0 | 4 6 7 8 9
1 | 1 2 2 3 4 6 7 8 9
2 | 1 4 6
3 | 1 8
...
15 | 4

Ufunguo wake: 2 | 1 ni kilo 21. Hapa tumeweka nukta tatu ili tusikumalizie nafasi ya gazeti, lakini kwenye daftari mashina ya 4 hadi 14 lazima yaandikwe, yote 11, yakiwa matupu. Mwanafunzi anayeyaruka huifanya 154 ionekane jirani ya 38, kumbe kati yao kuna jangwa, na jangwa hilo ndiyo habari kubwa ya asubuhi hiyo. Kosa la pili ni kuandika majani kwa mwandiko usio sawa, haya yamebanana, yale yameachana. Urefu wa mstari ndio unaosomwa na jicho, kwa hiyo kila jani lipewe nafasi sawa na mwenzake. Daftari la miraba lafaa sana kwa kazi hii. Na majani yapangwe kutoka dogo kwenda kubwa. Tazama mstari wa 1: una majani tisa, umeipita mistari yote. Hapo ndipo walipo wavuvi wengi, kati ya kilo 10 na 20, na wastani wa 23 umesimama nje ya kundi hilo.

Namba ya kati inapatikana papo hapo. Namba zikiwa 20, ya kati iko baina ya nafasi ya 10 na ya 11. Ya 10 ni 14, ya 11 ni 16, kwa hiyo jibu ni kilo 15. Katika kusahihisha tunakutana na makosa mawili ya kudumu. Wapo wanaoandika 10.5, yaani wametoa nafasi badala ya namba iliyokaa kwenye nafasi hiyo. Na wapo wasiopanga namba kwanza: katika orodha ya karani nafasi ya 10 ina 16 na ya 11 ina 11, kwa hiyo watapata 13.5. Kosa hili la pili ni baya zaidi kwa sababu jibu lake linafanana na ukweli. Hakuna kitu kitakachomshtua aliyelipata.

Tuirudie ile 154. Wanafunzi wamegawanyika kambi mbili: wanaoifuta haraka "kwa sababu imejitenga", na wanaoiacha "kwa sababu imeandikwa". Kambi zote mbili zimeruka swali. Huenda nukta imeanguka na ilikuwa 15.4. Huenda ni chombo kikubwa cha ringineti, yaani cha wavu wa kuzungushia samaki, kilichochanganywa na ngalawa za mishipi. Huenda karani amejumlisha safari mbili. Kila jibu lina dawa yake: la kwanza linasahihishwa, la pili linatengewa jedwali lake, la tatu linagawanywa. Kufuta bila kuuliza ni kughushi, hata kama nia ni njema. Atakayeiacha namba nje ya hesabu kwa sababu halali aseme chini ya jedwali kwamba ameiacha, na kwa nini.

Angalia namba moja hiyo inavyotikisa mambo. Tukiibadili kuwa 15.4, wastani unashuka kutoka 23 hadi 16.07. Namba ya kati inashuka kutoka 15 hadi 14.7, basi. Mkengeuko wastani, ambao ndio kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani, ni kilo 32.0 kwa namba zote 20. Ukiiondoa 154 ni kilo 8.9 kwa 19 zilizobaki. Hebu mtu atoe 32 kwenye 23: anapata hasi 9. Ripoti inayosema "wastani 23, mkengeuko 32" inatuambia, kwa kuichukulia juujuu, kwamba vyombo kadhaa vilirudi ufukweni vikiwa na deni la samaki. Kwa kipimo kisichoweza kuwa hasi, kama kilo, umri, bei au muda, mkengeuko ukishaupita wastani ni dalili ya mkia mrefu upande wa kulia, yaani namba chache zilizo kubwa mno, au ya namba iliyoandikwa vibaya. Hapo tumia namba ya kati na robo, yaani namba zinazoikata orodha iliyopangwa katika sehemu nne sawa.

Kuhusu robo kuna ugomvi usiokwisha darasani, na tunapenda uishe. Kwa njia ya vitabu vingi vya mwanzo, robo ya kwanza ni namba ya kati ya nusu ya chini. Nusu ya chini ina namba 10. Ya tano ni 9, ya sita ni 11, basi robo ya kwanza ni 10. Nusu ya juu inatupa 21 na 24, robo ya tatu ni 22.5. Mwanafunzi mwenzake anafungua Excel, anaita QUARTILE.INC, anapata 10.5 na 21.75. Wa tatu anatumia QUARTILE.EXC, anapata 9.5 na 23.25. Kila mmoja anadhani mwenzake kakosea, na mwalimu asiyejua anawakata wawili alama. Hakuna aliyekosea. Ni njia tatu za kukadiria sehemu ileile baina ya namba mbili zilizo jirani, na zinakaribiana kadiri data zinavyokuwa nyingi. Mtihani unaouliza robo useme njia ipi inatakiwa. Usiposema, njia zote tatu zipewe alama.

Sasa mchoro wa sanduku: sanduku huanzia robo ya kwanza na kuishia robo ya tatu, na namba ya kati ni mstari ndani yake. Kwa njia ya kitabu, upana wa sanduku ni 22.5 kutoa 10, yaani 12.5. Zidisha kwa 1.5 upate 18.75. Ongeza kwenye 22.5: mpaka wa juu ni 41.25. Chochote kilichopita hapo kinachorwa kama nukta peke yake, kwa hiyo 154 ni nukta. Mstari unaotoka kwenye sanduku kwenda juu unaishia kwenye 38, chombo cha mwisho kilicho ndani ya mpaka. Wengi huuchora hadi 41.25, na hilo ni kosa: hakuna chombo kilicholeta kilo 41.25, mpaka ule ni uzio tu wa kuchujia. Chini, 10 kutoa 18.75 ni hasi, kwa hiyo mstari wa upande huo unaishia kwenye namba ndogo kuliko zote, 4.

Sanduku lina ubaya wake: linaficha vilele, yaani mahali namba zilipojazana. Namba zilizojikusanya makundi mawili na namba zilizosambaa sawasawa zinaweza kutoa sanduku moja kabisa. Ndiyo maana hatupendi lifundishwe kabla ya histogramu, mchoro wa nguzo zinazoonyesha namba ngapi zimeangukia kila kundi. Nguvu yake ni katika kulinganisha. Chora masanduku mawili, moja la siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na jingine la siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, juu ya kipimo kimoja, na utaona kwa jicho moja kama kuna tofauti na ni ya kiasi gani. Mabadiliko hayo ya maji yanarudi kila siku 14 hadi 15, kwa hiyo wastani wa mwezi mzima unayakoroga pamoja na tofauti inapotea. Mvuvi hawezi kukubali hesabu isiyojua bamvua, na ana haki.

Histogramu inataka uamuzi mmoja mgumu, nao ni upana wa kundi. Kwa namba zetu, makundi ya kilo 10 yanatoa 5, 9, 3, 2, halafu kimya, kisha 1 pale kwenye 150. Ukichukua makundi ya kilo 50 unapata 19, 0, 0, 1, na habari yote imezama ndani ya nguzo moja. Ukichukua kilo 2 unapata meno ya kitana yasiyosema lolote. Hakuna kanuni inayokutosheleza moja kwa moja. Jaribu upana wa aina mbili au tatu, uchague ule ambao umbo lake haligeuki sana ukiusogeza kidogo. Programu inayochagua upana yenyewe haijui unatafuta nini.

Mipaka ya makundi ndiyo inayoharibu alama nyingi. "0 hadi 10, 10 hadi 20" haijasema chombo cha kilo 10 kiingie wapi. Andika kanuni yako mara moja, kwa mfano kila kundi linachukua mpaka wake wa chini na kuacha wa juu, na uifuate hadi mwisho. Ukigawa, jumlisha marudio, yaani idadi ya namba katika kila kundi, uone kama yamerudi 20. Kama ni 19 au 21, kuna namba iliyopotea au iliyohesabiwa mara mbili. Kuhesabu kwa vijiti vitano vitano, cha tano kikivuka vinne, bado ni njia salama kuliko kuhesabu kwa macho.

Makundi yasipokuwa na upana sawa, kinachosomwa ni eneo la nguzo, siyo urefu wake. Tukiunganisha kilo 20 hadi 40 kuwa kundi moja lenye vyombo 5, urefu wake ni 5 kwa 20, sawa na 0.25 kwa kila kilo. Kundi la 10 hadi 20 lenye vyombo 9 ni 9 kwa 10, sawa na 0.9. Mtu akichora urefu wa 5 na 9 tu, lile kundi pana litameza ukurasa kuliko linavyostahili. Kosa hili linaonekana sana katika michoro ya umri wa watu, ambapo miaka mitano mitano inachanganywa na kundi moja kubwa la "65 na zaidi".

Umbo lenye mkia linaitwa kwa upande wa mkia. Nundu ya namba zetu iko kushoto na mkia umekwenda kulia, kwa hiyo tunasema limepindia kulia. Nusu ya darasa husema kushoto, kwa kuitazama nundu. Wastani huvutwa na mkia. Ndiyo sababu 23 imeipita 15.

Vilele viwili vinataka tahadhari, hasa kwetu sisi Waswahili, kwa sababu ya saa. Karani mmoja anaandika chombo kimefika saa 12 asubuhi. Wa pili anaandika 6:00. Wa tatu anaandika 12 peke yake na kwenda zake. Namba hizo zikiingizwa safu moja kwenye kompyuta, histogramu inatoa nundu mbili zilizoachana kwa saa sita kamili, na mwanafunzi hodari anaandika kurasa mbili juu ya wavuvi wa alfajiri na wavuvi wa adhuhuri. Kumbe nundu zile ni za makarani, siyo za wavuvi. Vilele viwili karibu daima vina maana kwamba makundi mawili yamechanganywa, ila uliza kwanza ni makundi ya nini. Fomu ya kukusanyia data iandike wazi juu ya safu: saa za Kiswahili, au saa za mfumo wa 24. Mstari mmoja wa wino unaokoa wiki ya kusafisha.

Vipimo navyo ni hivyo hivyo. Tenga, ndoo na fungu siyo kilo, na gunia la lumbesa siyo gunia. Safu moja ichukue kipimo kimoja.

Sifuri na nafasi tupu pia zinachanganywa. Tuseme siku ile vyombo vitano havikwenda baharini. Ukiviandikia 0, wastani ni 460 kwa 25, yaani kilo 18.4. Ukiacha nafasi tupu, Excel inaziruka na wastani unabaki 23. Yote mawili ni majibu sahihi ya maswali mawili tofauti: la kwanza ni kilo kwa kila chombo kilichopo ufukweni, la pili ni kilo kwa kila chombo kilichovua. Chombo kilichovua kisipate kitu ni sifuri halisi. Chombo ambacho karani hakukiona si sifuri hata kidogo.

Tugeukie michoro ya mafungu, yaani ya vitu vinavyogawanywa kwa majina. Kabla ya kuchora, uliza kama namba uliyo nayo ni kiasi au ni jina tu lililovaa tarakimu. Ukichukua mkazi wa Barabara ya 4 pale Ngamiani na mwingine wa Barabara ya 14, wastani wao hauwi Barabara ya 9. Namba za simu, za jezi na za mitaa ni majina. Zinahesabiwa marudio, zinachorwa kwa chati ya nguzo zenye nafasi katikati, na hazina wastani. Histogramu nguzo zake zinagusana kwa sababu mhimili wake ni kipimo kinachoendelea. Chati ya nguzo zinaachana kwa sababu bodaboda na baiskeli hazifuatani kwa kiasi. Baadhi ya programu za kompyuta huchora zote mbili zikiwa na nafasi, na mwanafunzi huikabidhi hivyo hivyo.

Wengine wanatuletea grafu ya mvua ya Tanga kwa miezi, masika ikiwa juu kuanzia Machi hadi Mei na vuli tena Oktoba hadi Desemba, wanaiita histogramu yenye vilele viwili. Siyo. Mhimili wa chini ni wakati, na hiyo ni chati ya mfululizo wa miezi. Histogramu ya mvua ingechukua siku moja moja na kuuliza ni siku ngapi zilipata milimita kadhaa, na hapo ungeona nguzo ndefu mno ya siku kavu upande wa kushoto na mkia mwembamba wa siku za mafuriko. Data ni zilezile, maswali ni mawili, na maumbo hayafanani hata kidogo.

Chati ya duara ndiyo kipenzi cha ofisi. Mskochi William Playfair aliichapa mwaka 1801, baada ya kuchapa chati za nguzo na za mistari mwaka 1786, na kwa maoni yetu angetosheka na zile za kwanza. Jicho hulinganisha urefu kwa urahisi kuliko pembe. Kama lazima iwepo: asilimia 1 ni nyuzi 3.6, vipande visizidi vitano, na jumla iwe kitu kimoja kizima. Hapa Tanga ukiwauliza watu wanatumia usafiri gani, mtu mmoja atataja baiskeli, daladala na bajaji. Majibu yakijumlishwa yanapita asilimia 100, na duara haliwezi kubeba asilimia 160. Chora nguzo. Na duara lililolazwa kama sahani na kupewa unene ni mapambo matupu: kipande cha mbele huonekana kikubwa kwa sababu tu kiko mbele.

Nguzo zianzie sifuri. Shule yenye ufaulu wa asilimia 82 na yenye 86, mhimili ukianzia 80, nguzo ya pili inakuwa ndefu mara tatu ya ya kwanza, wakati tofauti halisi ni chini ya sehemu moja ya ishirini. Grafu ya mstari inaruhusiwa kutoanzia sifuri, kwa kuwa jicho linafuata mwinuko, lakini pakatwe mhimili kwa alama inayoonekana. Takwimu kwa picha zina ugonjwa wao. Mavuno ya machungwa ya Muheza yakiongezeka mara mbili, mchoraji anachora chungwa lenye kipenyo mara mbili. Karatasini eneo lake limekuwa mara nne, na kwa kuwa kila mtu anajua chungwa ni tufe, akilini limekuwa mara nane. Watoto wa shule ya msingi wanafundishwa sawasawa: machungwa mawili ya saizi moja, kila moja likiwakilisha idadi iliyotajwa pembeni. Vyuoni ndiko wanakosahau.

Asilimia itembee na idadi yake. Miche ya mkonge aliyoiagiza Richard Hindorf, Mjerumani aliyeuleta mkonge nchini, mwaka 1893 ilikuwa 1,000, ikasalimika 62, ukisoma "asilimia 6.2" peke yake hujui kama ni miche 62 au 62,000. Sensa nazo tuzisome kwa njia zote mbili. Mkoa wa Tanga ulikuwa na watu 2,045,205 mwaka 2012 na 2,615,597 mwaka 2022. Ongezeko ni watu 570,392, sawa na asilimia 27.9. Nchi nzima ilitoka 44,928,923 hadi 61,741,120, ongezeko la asilimia 37.4. Mwandishi mmoja ataandika kuwa mkoa umeongeza zaidi ya nusu milioni, mwingine kuwa unakua polepole kuliko nchi, na wote wawili wako sawa. Sehemu ya Tanga katika Taifa imeshuka kutoka asilimia 4.55 hadi 4.24, hizo ni pointi kama 0.3 za asilimia, na siyo "imeshuka kwa asilimia 0.3". Wapo watakaosema ndiyo yale ya waja leo waondoka leo. Jumla mbili za sensa hazisemi nani amehama wala nani amezaliwa wapi.

Kwa wanaodhani kuwa hesabu zikishatolewa mchoro ni urembo: mwaka 1973 Mwingereza Francis Anscombe alitunga seti nne za data, kila moja ikiwa na jozi 11. Wastani wa x katika zote ni 9, wa y ni 7.5, na kipimo cha uhusiano wa x na y ni kama 0.816. Ukizichora, ya kwanza ni wingu la kawaida, ya pili ni mkunjo, ya tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyopotea, ya nne ni nukta zilizosimama wima na moja mbali kabisa. Mwanafunzi anaweza kuzichora zote kwa mkono ndani ya kipindi kimoja, na zoezi hilo tungeliweka wiki ya kwanza ya somo.

Baada ya kuchora, maelezo yaandikwe kwa sentensi zenye umbo, kati, mtawanyiko na vilivyojitenga, pamoja na kipimo na vitu vyenyewe. Siyo "data zimepindia kulia, namba ya kati ni 15". Kumi na tano nini? Bali hivi: "Vyombo 20 vilishusha samaki, vingi vilileta kati ya kilo 10 na 20, na namba ya kati ni kilo 15. Nusu ya vyombo iko kati ya kilo 10 na 22.5. Umbo lina mkia kuelekea kulia, na chombo kimoja kiliandikiwa kilo 154, mbali na cha pili chake chenye 38. Bado haijathibitishwa kama ni aina nyingine ya uvuvi au kosa la kuandika." Maneno hayajafika 60, na hakuna wastani ndani yake.

Kwako Mhariri tuna ombi dogo. Kila chati unayochapa iwe na idadi ya waliohesabiwa, kipimo kwenye mihimili yote miwili, na tarehe data zilipokusanywa. Nguzo zikiwa hazianzii sifuri, mrudishie aliyezileta azichore upya. Na pale habari inaposema "kwa wastani" kuhusu mishahara, bei za viwanja au kodi za nyumba, mwandishi aulizwe namba ya kati ni ngapi kabla ukurasa haujafungwa.

Wako,
Walimu wa takwimu,
Chumbageni, Tanga